Kiingereza hakina BAKITA

Tarehe 20 Januari 2009, mjini Washington, Jaji Mkuu wa Marekani John Roberts alimwapisha Barack Obama kwa kichwa, bila karatasi mkononi. Kiapo cha rais kimeandikwa ndani ya Katiba yao, na ndani yake neno "faithfully" limekaa katikati ya "will" na "execute". Roberts akaling'oa pale, akalipeleka mwisho wa sentensi. Obama akasita, jaji akajaribu kujisahihisha, mambo yakazidi kuvurugika. Kesho yake jioni wakubwa hao walikutana tena Ikulu, wakakirudia kiapo neno kwa neno, asije akatokea mtu wa kudai kwamba rais hakuapa sawasawa.

Mwanaisimu Steven Pinker alikuwa na maelezo yake, akayachapisha gazetini: Roberts ni mtu wa sarufi kali, na wapo wenye sarufi kali wanaoamini kwamba kielezi hakiruhusiwi kukaa katikati ya kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu. Ulimi wake, asema Pinker, uliihariri Katiba bila kumwomba ruhusa. Kilichopita kichwani mwa jaji anakijua mwenyewe. Lakini maelezo hayo yanaingia akilini, kwa sababu kanuni hiyo ipo, inafundishwa, inaogopwa, na haina msingi wowote katika lugha yenyewe.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa karibu maswali yote maarufu kuhusu sarufi ya Kiingereza. Je, ni halali kumaliza sentensi kwa kihusishi? Sentensi yaweza kuanza na "because"? Ni "less" au "fewer"? "Who" au "whom"? "You and I" au "you and me"? Koma iwekwe kabla ya "and"? Waingereza na Wamarekani wamebishania mambo haya kwa zaidi ya miaka 250, na leo yanabishaniwa katika ofisi za Morogoro na vyumba vya walimu vya Eldoret. Dai langu ni kwamba mengi kati ya maswali haya ni ugomvi wa adabu wa wenyewe kwa wenyewe, nasi tumeurithi pamoja na vitabu. Maswali yanayomwangusha mwandishi aliyelelewa na Kiswahili ni mengine kabisa, na hayaulizwi sana, kwa kuwa vitabu vilivyokuja na meli havikuyajua.

Msomaji wa Kiswahili amezoea kuwa na mahali pa kukimbilia. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Mwaka 1967 likaanzishwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) kwa sheria ya Bunge la Tanzania. Mtu akibishana na mwenzake juu ya neno, anajua kuna ofisi ya kuuliza, hata kama jibu la ofisi hiyo halitampendeza. Wafaransa nao wana Akademia yao tangu 1635. Waingereza hawana chombo kama hicho, na si kwamba hakuna aliyekitaka. Mwaka 1712 Jonathan Swift alimwandikia mweka hazina mkuu wa ufalme akipendekeza liundwe jopo la kukirekebisha Kiingereza na kukifunga kisibadilike tena. Malkia Anne akafariki mwaka 1714, kina Swift wakapoteza marafiki serikalini, na pendekezo likafia hapo.

Nafasi hiyo ikazibwa na watu binafsi wenye kalamu na wachapishaji. Mwaka 1762 kasisi Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa askofu wa London, alitoa kitabu kifupi cha sarufi. Mwaka 1795 Lindley Murray, Mmarekani mwanasheria aliyehamia karibu na York, alitunga kingine kwa ajili ya shule ya wasichana, kikauzwa kwa wingi ajabu pande zote mbili za Atlantiki. Wanunuzi walikuwa watu wa tabaka la kati, wenye fedha za biashara na hofu ya kuchekwa na mabwana. Mtu wa namna hiyo hanunui kitabu kimwambie kwamba anaongea vizuri. Anataka orodha ya makatazo, na makatazo mengi yakatafutwa katika Kilatini, lugha iliyokuwa na heshima kwa kuwa haikuwa ya mtu yeyote tena.

Chukua hilo la kihusishi. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimkosoa Ben Jonson, mwandishi wa tamthilia aliyekwisha kufa miaka 35 nyuma, kwa kumalizia sentensi na kihusishi. Katika Kilatini jambo hilo haliwezekani. Katika Kiingereza limekuwapo tangu zamani. Dryden akarudi hata kwenye maandishi yake mwenyewe akaviondoa vihusishi vya mwisho. Lowth alikuwa mpole zaidi: alisema mtindo huo unafaa mazungumzo kuliko maandishi mazito, na akalisema hilo kwa sentensi yenye kosa lilelile. Huenda alikuwa anatania. Waliomfuata waliacha utani wakachukua katazo. "Who are you talking to?" ni Kiingereza safi, na mwalimu anayeichorea mstari mwekundu anamtetea Dryden dhidi ya marehemu.

Katazo la kutenganisha "to" na kitenzi chake ni changa zaidi, la karne ya 19; Henry Alford, mkuu wa kanisa kuu la Canterbury, alilipigia debe mwaka 1864. Hoja inayotajwa mara nyingi ni kwamba katika Kilatini kitenzi-jina ni neno moja lisilokatika. Sawa, lakini hata Kiswahili kitenzi-jina chake ni neno moja, nasi tunakipasua katikati kila siku tunaposema "kutopenda" na "kutofika", wala hakuna aliyelalamika. Katika Kiingereza mahali pa kielezi hubeba maana. "He failed to completely understand" ni mtu aliyeelewa nusu. "He completely failed to understand" hakuelewa kitu. Anayekitoa kielezi katikati kwa kuogopa kanuni anaweza kusema jambo ambalo hakukusudia.

"Less" na "fewer" ni hadithi fupi. Mwaka 1770 Robert Baker aliandika kwamba yeye binafsi anaona "fewer" inapendeza zaidi kwa vitu vya kuhesabika. Maoni ya mtu mmoja yakageuzwa sheria, hata mwaka 2008 maduka ya Tesco huko Uingereza yakabadilisha vibao vya foleni ya haraka ili yaepuke lawama: badala ya kuchagua kati ya maneno hayo mawili, yakaandika "up to". Huo nao ni ufumbuzi.

Swali la "they" lina uzito zaidi. Waingereza wamelitumia kwa mtu mmoja asiyejulikana jinsia tangu karne ya 14. Katika karne ya 18 watunga sarufi wakaanza kudai kwamba "he" inatosha kwa wote, na mwaka 1850 Bunge la Uingereza likapitisha kwamba katika sheria zake neno la kiume lihesabiwe kuwa limejumuisha wanawake. Lugha ya mitaani haikutii. Mwaka 2019 chama cha wanasaikolojia cha Marekani, ambacho mwongozo wake wa uandishi unafuatwa na vyuo vingi duniani, na hata na wanafunzi wetu wa shahada, kilikubali rasmi "they" ya mtu mmoja. Wanaosema kwamba neno la wingi haliwezi kumtaja mtu mmoja wasahau kidogo kuhusu "they" watazame "you". Hilo nalo lilikuwa neno la wingi. La mtu mmoja lilikuwa "thou".

Kuhusu "whom", Kiingereza cha kale kilikuwa na maumbo tofauti kwa mtenda na mtendwa, na yaliyobaki ni mabaki: "I" na "me", "he" na "him", "who" na "whom". Mabaki hayo yanawasumbua wenyewe. Mtoto akisema "me and John went" anakemewa mpaka anaamini kwamba "me" ni neno chafu, akikua anasema "between you and I" akidhani anaonyesha elimu. Kihusishi "between" kinataka "me". Hata hivyo umbo hilo linalochekwa limo ndani ya tamthilia ya Shakespeare ya Mfanyabiashara wa Venisi, kwa hiyo wanaocheka wacheke kwa kiasi.

Kanuni ya kutoanza na "because" ilizaliwa darasani. Watoto walikuwa wakiandika "Because it was raining." halafu wanaweka nukta, kishazi tegemezi kikiachwa bila cha kutegemea. Mwalimu, ili asieleze mengi, akapiga marufuku neno lenyewe. "Because it was raining, we stayed at home" haina kasoro.

Koma nayo si ya kudharauliwa. Katika jimbo la Maine sheria ya malipo ya saa za ziada iliorodhesha kazi zisizolipiwa ziada, na mwishoni mwa orodha ikataja kufungasha kwa ajili ya usafirishaji au usambazaji, bila koma kabla ya "or". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walisambaza lakini hawakufungasha. Wakauliza: je, usambazaji ni kazi inayojitegemea katika orodha hiyo, au ni kufungasha tu, kwa usafirishaji au kwa usambazaji? Machi 2017 mahakama ya rufaa ilisema sheria ina utata, na utata unamnufaisha mfanyakazi. Mwaka uliofuata kampuni ikamaliza shauri kwa dola milioni 5. Hapa hapakuwa na ugomvi wa adabu. Maana ilipotea kweli, na mtu akalipa.

Kwa kipimo hicho cha maana kupotea, nageukia upande wetu, ambako mambo ni mazito kuliko kihusishi cha mwisho.

Muulize mwanafunzi wa kidato cha pili atafsiri "Ningekuwa na pesa ningenunua baiskeli". Atakuandikia "If I would have money I would buy a bicycle". Amekosea, lakini hakubahatisha. Kiswahili kinadai -nge- pande zote mbili. Atakayeweka upande mmoja tu ndiye asiyejua Kiswahili. Mtoto amehamisha utaratibu wa lugha yake kwa uaminifu kamili. Kiingereza, kwa ukaidi wake, kinaweka "would" upande mmoja na upande wa pili kinatumia umbo la wakati uliopita kwa jambo ambalo halijapita: "If I had money, I would buy a bicycle". Jambo hili linaelezeka kwa dakika kumi ubaoni, mradi sentensi ya Kiswahili iandikwe juu ya ile ya Kiingereza. Lakini vitabu vingi vya Kiingereza vinaandikwa kana kwamba msomaji alikuja duniani bila lugha.

Ndivyo ilivyo kwa "Atakapokuja nitamwambia". Ile -ta- iliyo ndani ya "atakapokuja" inamsukuma mwandishi kwenye "when he will come". Kiingereza husema "when he comes", wakati uliopo kwa jambo la kesho. Na "akija" ni mtego mwingine, maana -ki- yetu haisemi kama tuna hakika atakuja au tunakisia. Kiingereza kinamlazimisha mtu achague kati ya "when" na "if" kabla hajafungua mdomo.

Kiambishi -me- ndicho kinara wa matatizo. Vitabu vinasema ni sawa na "have", na mara nyingi ni kweli. Lakini "amelala" kwa kawaida maana yake yuko usingizini sasa hivi, "is asleep". "Amevaa kanzu" ni "is wearing". "Amesimama mlangoni" ni "is standing". Anayefuata kitabu ataandika "he has stood at the door" na msomaji wa Kiingereza atabaki kujiuliza alisimama lini. Tena, katika mazungumzo sisi tunasema "amefika jana" bila wasiwasi, ilhali "he has arrived yesterday" haikubaliki: ukitaja wakati uliokwisha, "has" inatoka. Kinyume chake kiko kwa -na-, ambayo kwetu hubeba "I read" na "I am reading" pamoja. Kutoka hapo tunapata "I am knowing him very well".

Vipi kuhusu "a" na "the"? Wengi wamekata tamaa, wanavinyunyizia tu. Sababu inayotolewa ni kwamba Kiswahili hakina vibainishi hivyo. Ni kweli hakina maneno hayo, lakini wazo tunalo. Linganisha "nimenunua kitabu" na "nimekinunua kitabu". Sentensi ya kwanza ni kitabu chochote, jambo jipya kwa msikilizaji. Ya pili ni kile kitabu tunachokijua wewe na mimi. Kiambishi -ki- hapo kinafanya karibu kazi ya "the". Daraja hili halivuki mito yote, kwani kwa watu kiambishi cha shamirisho huwekwa hata kama mtu hajulikani: "nimemwona mtu" haisemi mtu gani. Lakini kwa vitu linasaidia sana, na mzungumzaji yeyote wa Kiswahili tayari analo kichwani. Ajabu ni kwamba halitumiwi.

Kiambishi hichohicho kinatuponza kwingine. "Kitabu nilichokinunua" kina -cho- ya urejeshi na -ki- ya shamirisho, na vyote viwili vinakubalika. Kwa hiyo tunaandika "the book which I bought it". "Mtu niliyezungumza naye" inatupa "the person I talked with him", kwa sababu "na" ya Kiswahili haikai peke yake. Lazima ishike mtu. Wakati wafuasi wa Dryden wanabishana kama kihusishi kinaruhusiwa kubaki mwisho, taabu yetu ni kukiacha kibaki pale bila kukiongezea "him".

Katika kupanga sentensi, kosa linalolaumiwa mno na watahini ni kuunganisha vishazi huru kwa koma tupu: "He woke up, he washed his face, he put on his clothes, he left." Mwanafunzi anaambiwa hajui kuweka nukta. Msikilize anavyosimulia kwao: aliamka, akanawa uso, akavaa, akaondoka. Ile -ka- ndiyo inayoshona. Kiingereza hakina -ka-, kinashona kwa kuacha kiima na kuweka "and" kabla ya tendo la mwisho: "He woke up, washed his face, put on his clothes and left." Mwanafunzi alikuwa na ushonaji mzuri kabisa, uzi wake haukupatikana katika lugha ya pili.

Lipo moja ambalo ni la hatari kweli. Muuguzi anauliza: "You haven't taken the medicine?" Mgonjwa ambaye hajameza dawa anajibu "Yes", akiwa na maana ya "ndiyo, ulivyosema ndivyo". Kiswahili hukubaliana na kauli ya muulizaji. Kiingereza hakijali muulizaji amesemaje, kinajibu juu ya tendo: halikufanyika, basi "No". Katika wodi, kizimbani au kwenye dirisha la uhamiaji, tofauti hiyo inaweza kubadilisha dozi, ushahidi au safari. Sijui kanuni ya "whom" imewahi kumdhuru nani.

Mengine nayapitia haraka. "Yeye" haina jinsia, ndiyo maana "he" na "she" hubadilishana hata kwa maprofesa wakichoka. "Ingawa… lakini" tunaivumilia kwetu. "Although… but" kwao ni moja au nyingine. "Informations", "advices" na "furnitures" zinatokana na nomino ambazo Kiingereza kimeamua haziwezi kuhesabika, uamuzi usio na mantiki yoyote ya kumweleza mtu. Hizo ni za kukariri tu.

Inabaki hoja ya wale wanaosema Kiingereza sasa ni chetu pia, kwa hiyo makosa yetu si makosa. Hoja hiyo ina wasomi wazito nyuma yake. Mwaka 1985 Braj Kachru, mwanaisimu mzaliwa wa Kashmir, aliugawa ulimwengu wa Kiingereza katika duara tatu, akaziweka nchi kama India, Nigeria na Kenya katika ile ya pili: nchi ambamo lugha hiyo ilikuja na ukoloni ikaota kanuni zake. Mwaka 1990 Randolph Quirk, mwanaisimu wa Uingereza aliyeongoza utunzi wa sarufi kubwa ya Kiingereza ya mwaka 1985, alijibu kwamba kumnyima mwanafunzi maskini Kiingereza sanifu kwa jina la uhuru ni kumfungia mlango wa ajira. Kachru naye akamjibu mwaka uliofuata, na ubishi haujaisha.

Mimi nadhani wote wawili wanazungumzia vitu tofauti kwa neno moja. "Have you understood?" ya walimu wetu imekwisha kuwa Kiingereza cha Afrika Mashariki, inaeleweka kote, haimpotezi mtu, na sioni sababu ya kuiwinda. "Informations" inaeleweka pia, lakini mtahini ataikata na mwajiri ataikunjia uso, kwa hiyo aliye na mtihani aiache. "Yes" iliyokaa mahali pa "No" haieleweki, na hakuna uzalendo wa lugha utakaoifanya ieleweke. Huo ndio mpangilio wa uzito: kwanza kinachoharibu maana, kisha kinachomgharimu mtu alama au kazi, na mwisho kabisa ladha za watu wa karne ya 18. Sarufi kubwa ya Cambridge ya mwaka 2002, yenye kurasa zaidi ya 1,800, inayachambua makatazo ya kundi hilo la mwisho na kuonyesha kwamba mengi hayaelezi Kiingereza jinsi kinavyoandikwa na waandishi wake bora.

Kwa walimu na waandishi wa vitabu vya kiada nina ombi moja: anzeni na -nge-. Andikeni sentensi ya Kiswahili juu, ya Kiingereza chini, kisha mwonyesheni mwanafunzi wapi njia zinaachana. Baada ya hapo fuateni -me-, halafu lile jibu la "Yes" na "No". Muda ukibaki kabla kengele haijalia, ndipo mtaje "whom".